Pijo ya Baba

Mtoto wa mdogo wangu alikuja kunitembelea juzi, kijana wa Nairobi, simu mkononi, magari kichwani. Ana vijisenti vyake ameweka na anatafuta gari la mbio lililotumika. Si gari lolote, anasema; anataka lile ambalo akishalichoka ataliuza bila hasara. "Mama mkubwa, cheki hii," akanisogezea simu. Ilikuwa Pijo 404 nyeupe, ya zamani, imesuguliwa ikang'aa mpaka ungeweza kujipaka wanja ukitazama boneti. Nilipoona bei yake nikauliza kama wanaliuza pamoja na shamba. Akacheka. Akasema magari kama hayo, hasa yaliyowahi kushindana, hayashuki bei, yanapanda tu. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti ya kumbembeleza mzee, kama sisi huko Kisii enzi zetu tuliwahi hata kuyaona.

Tuliwahi hata kuyaona! Nilikitua kikombe chai ikaruka. Kijana wa watu akadhani nimeshikwa na presha. Haikuwa presha, rafiki yangu. Ilikuwa hasira, na hasira hiyo ninayo tangu sijavunja ungo.

Kwetu ni karibu na Ikonge, upande wa Nyamira, ingawa siku hizo sote tulihesabiwa Kisii. Nyumba yetu ilikaa mgongoni mwa kilima, chai juu, migomba chini, na kijito bondeni ambacho kelele zake ndizo zilizotulaza. Tulichuma chai kabla ya shule, vidole vikinuka majani mabichi hadi mwalimu akasema darasa lake linanuka birika. Jioni ilikuwa ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukawa utamu, na bibi akitupiga vidole tusidokoe kabla ya sala.

Mama alikuwa mchuuzi wa ndizi. Alinunua mikungu Nyamache na Nyaramba, akaipeleka kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, ambako vibarua walikuwa na mshahara lakini hawakuwa na migomba. Adui yake alikuwa matope. Kwetu mvua hunyesha mchana, na ikishanyesha barabara nyekundu hugeuka uji. Malori aliyokodi yalikwama, ndizi zikaivia njiani, naye akarudi nyumbani amenuna.

Ndipo akasikia kwamba Mhindi mmoja mwenye gereji mjini Kisii anahamia Uingereza na anauza Pijo yake. Mhindi huyo alikuwa dereva wa mashindano ya magari, yale ya Pasaka, ambayo yakipita kwetu wazee wa kanisa walipanda juu ya miti kama nyani ili waone vumbi. Gari lake lilikuwa limekimbia mashindano hayo na kuyamaliza. Kiti cha nyuma kilishang'olewa. Chini ya injini palikuwa na bamba la chuma la kuikinga na mawe, mbele taa kubwa kupita kiasi, na mlangoni alama ya duara lililofifia, mahali palipokuwa na namba.

Wanaume wa sokoni walimcheka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo walivyoamini; mwenye pesa hununua kipya, na mwanamke mwenye pesa hununua cherehani. Aliyecheka kuliko wote ni baba mdogo, ndugu yake baba yangu. Huyo alikuwa amefanya kazi Nairobi akarudi na suti moja na Kiswahili kingi. Alisema gari la mashindano ni kama dume la kulimia: ukiliona linauzwa, ujue limeshachoka.

Mama akamjibu, "Dume lililolima bonde zima bila kuanguka, hilo ndilo la kununua. Ndama mnene mimi sijui kama ana miguu."

Alikwenda kulikagua pamoja na bibi, mama mkwe wake. Bibi hakuwahi kupanda gari maishani, lakini ng'ombe aliwajua kwelikweli. Akaizunguka Pijo, akaipiga makofi mbavuni, akainama kuchungulia bomba la moshi kama anayetafuta dalili za kuhara. Mhindi alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akamwambia mama neno ambalo tulilisikia nyumbani hadi tukalichoka: "Mama, hii ukiitunza, siku ukiuza utapata ulichotoa." Mama alilishika neno hilo kama fungu la Biblia. Alituambia mimi na mdogo wangu kwamba Pijo itabeba ndizi kwanza, halafu siku moja itauzwa itubebe sisi mpaka sekondari. Nani siku hizo aliweka mali kwa ajili ya wasichana? Nitajie mmoja.

Akajifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule, baba ameketi kando yake ameshika mlango kwa mikono miwili. Baba alikuwa mwalimu, mtu mpole, mgonjwa wa kifua. Watu walipomtania kuwa amekaliwa na mke, alisema, "Gari ni lake. Mimi ni abiria." Nilisikia kwa masikio yangu. Baba mdogo naye alisikia, maana alikuwa ameketi palepale anakunywa chai yetu.

Oo, sauti ya ile Pijo ikipanda kilima! Tuliisikia tangu daraja la bondeni, ikinguruma kwa kifua, ikinyamaza kidogo kwenye kona, kisha ikinguruma tena, nasi tunatupa makapu ya chai na kukimbilia barabarani. Malori yakiwa yamezama hadi ekseli, mama alipita kando yao matope yakiruka juu ya paa, mikungu imejaa nyuma hadi kiooni, kitambaa chake cha kichwa kimehamia shingoni. Alifika sokoni wa kwanza na ndizi bado kijani. Tulipandishwa siku za kuteremka tu, kwa sababu kupanda, alisema, kulikuwa zamu ya ndizi. Ndani mlinuka petroli, majani ya mgomba na jasho lake, na hadi leo nikipita kituo cha mafuta mvua ikinyesha, hugeuka kumtafuta.

Ijumaa mchana tuliiosha kwa maji ya kijito kabla jua halijazama, kwani sisi ni Wasabato na Pijo nayo ilishika Sabato. Jumamosi ilifunikwa turubai. Mzungu mmoja meneja wa shamba la chai alimsimamisha mama barabarani mara nyingi akitaka kuinunua, na kila mara alitaja bei iliyozidi ya kwanza. Mama alikataa akicheka. Aliporudi nyumbani alimwambia bibi, "Ng'ombe wetu bado anatamaniwa." Hapo walipigana viganja wanawake hao wawili, wakaendelea kumenya ndizi.

Kisha kifua kikamchukua baba.

Matanga hayajaisha vizuri, baba mdogo akaanza kusema "gari la kaka." Kwanza aliliazima. Kisha akaliazima bila kuuliza. Mama alipoficha ufunguo, akaenda kushtaki kwamba mjane amezuia mali ya ukoo. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina la Mhindi, na Mhindi yuko ng'ambo, nani angemtafuta? Basi likawa neno la mama dhidi ya neno la shemeji, na unajua mwenyewe wakati ule neno la nani lilikuwa na uzito.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Ninaposema mama na baba ninazungumza nawe Kiswahili. Nyumbani hatukusema hivyo. Kwa Ekegusii, lugha yetu, baba ni tata. Na mama, tunamwita baba. Ndiyo, baba. Ndilo neno la kwanza nililotamka duniani, nikimwita aliyenizaa, na mtoto wa Kisii akianguka akaumia hulia "Baba!" akimtaka mama yake. Kila Mkisii analijua hilo, mzee kwa kijana, mlevi kwa mlokole.

Baraza lilifanyika kwenye kambi ya chifu, chini ya bati, mvua ikitishia. DO, ofisa wa tarafa, alikuwa mgeni wa kutoka mbali, bado hajamaliza miezi kwetu, na Ekegusii hakujua hata salamu. Baba mdogo ndiye aliyesimama kumtafsiria. Mshtaki ndiye mkalimani! Na hakuna aliyeona ajabu, eti kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa safi.

Mama alieleza. Mwenye suti akafupisha. Mama aliongea kwa kirefu jinsi alivyonunua gari kwa mikungu ya ndizi, naye akatafsiri, "Anasema alisaidia kidogo." DO akachoka, akatazama mawingu. Hapo ndipo baba mdogo alipofanya kitu ambacho mpaka leo sijakisahau. Alitabasamu akasema, "Bwana DO, sisi wakubwa tunaweza kudanganya. Tumuulize mtoto. Mtoto hana uongo."

Mdogo wangu alikuwa hajaanza shule. Alikuwa ameketi miguuni pa mama anakula muwa. Baba mdogo alichuchumaa mbele yake, akamshika kidevu kwa upole, akamuuliza kwa Ekegusii: gari lile ni la nani? Na mtoto, akiwa na muwa mdomoni, akasema ukweli mtupu.

"Ya baba."

Swali alilitafsiri. Jibu akaliacha lilivyo. Akasimama tu, akakung'uta magoti ya suti yake, akamtazama DO kana kwamba kusema zaidi ni kumdharau mkubwa. DO akapiga paja. "Basi! Mtoto amesema. Gari ni ya baba."

Mama akaruka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kupunguza bei na kutukana matapeli, na kwa Kiswahili hichohicho akapiga kelele, "Baba ni mimi! Bwana DO, baba ni mimi!"

DO akamtazama, akaangua kicheko. "Wewe ndiye baba?" Na baraza lote likacheka. Watu wetu! Watu waliowaita mama zao baba asubuhi ile ile walipoamshwa wakanywe uji! Mimi nilinyanyuka, nikasema kwa Kiswahili cha shule, kwa sauti yangu yote, kwamba kwetu baba ni mama, na mzee mmoja wa kanisa akanivuta gauni akaniketisha, akasema mtoto wa kike haongei barazani. Chifu alikohoa akatazama viatu vyake. Wazee walitazama mawingu. Hakuna, nasema hakuna, aliyefungua mdomo, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amewahi kupitwa na Pijo ile akiwa ndani ya matope, na mwanamke ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baba mdogo aliliendesha gari hadi kwake jioni hiyohiyo, akikwangua gia. Na unajua alilifanyia nini? Alilipeleka kwa fundi wa vyuma akalikata paa. Alilikata! Kwa msumeno! Alitaka pikapu ya kubeba magunia, na bamba la chini akalitoa akasema ni zito. Yule Mzungu meneja alipolikuta barabarani alisimama akavua kofia, kama mtu aliyekutana na jeneza, na hakutaja bei tena. Mvua moja kubwa ilitosha. Injini ilipasukia juu ya jiwe pale pale mama alipokuwa akipita akiimba.

Sekondari nilikwenda, usinionee huruma. Mama alirudi kubeba mikungu kichwani mpaka shingo ikapinda, na baada yangu akamsomesha mdogo wangu vilevile. Baba mdogo alizeeka, akaja kanisani kuomba msamaha kwa machozi, na mama akampa mkono mbele ya waumini wote. Ni wake huo, msamaha wake. Wangu hajaupata, na alikufa bila kuupata, na watu wa kanisa wamenisema nikawaambia waniache.

Maana kuna jambo ambalo hakuna mwingine aliliona. Jioni ile ya baraza, tulipofika nyumbani, mdogo wangu alikuwa na usingizi, akamnyooshea mama mikono, akasema, "Baba, nibebe." Mama alimbeba. Akampigapiga mgongo. Halafu akatuambia, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba kuanzia siku hiyo tumwite mama, kama watu wa Kiswahili, ili siku nyingine mtu asije akatukosea. Mdogo wangu alisahau mara nyingi, na kila aliposahau mama alimrekebisha polepole: mama, sema mama. Mwisho hakusahau tena. Mimi pia sikusahau.

Mama tulimzika mwaka ule chai iliponyauka, kando ya baba, kwenye shamba la juu. Wenzangu wote kijijini walikuwa wamewazika mama zao wakiwaita kwa neno letu. Nilisubiri watu waondoke, nikasimama peke yangu, nikataka kumwita hivyo mara moja tu. Nikaita, "Baba." Na nilipoita, Mungu ni shahidi, macho yangu yenyewe yaligeukia kaburi la pili, la mumewe.