Siku ya Kuoshwa Mikono

Douglas huziba nyufa za mitumbwi kule Masese, Jinja. Ngozi yake mwenyewe ina nyufa zisizozibika. Alizaliwa nayo hivyo: kavu, imegawanyika kama magamba ya samaki ngege, toka paji la uso hadi nyayo. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana, na hauambukizi. Masese ilisikia neno "ugonjwa" ikaishia hapo. Douglas hula kwa kijiko, peke yake, watu wasione mkono wake ukigusa chakula. Mimi, jirani yake, mwaka wa nne huu namsalimia kwa kuinua kidole. Sijivunii.

Kwao ni Mbale, upande wa viwandani, na yeye ni Mgisu. Mgisu asiyetahiriwa ni mtoto hata akiota mvi. Zamu yake ilipofika, akiwa na miaka kumi na minane, ngariba aliitazama ile ngozi akasema kisu chake si cha samaki. Mwaka huu, akiwa na thelathini na mbili, Douglas alipeleka barua ya daktari kwamba kidonda kitapona, na ukoo ukakubali. Nikamsindikiza. Nilifuata nyama ya sherehe, tusidanganyane.

Siku za ngoma, kabla ya kisu, watahiriwa walipakwa unga wa wimbi na machicha ya pombe. Vikikauka hupasuka. Wanaume saba, wote magamba. Hata mimi sikumtambua. Msichana mmoja alimshika mkono wakacheza hadi sokoni.

Alipokatwa hakutikisika. Lakini kazi ilikuwa siku ya tatu, ngariba anapomwosha kila mmoja mikono kwa mikono yake. Kabla ya hapo huruhusiwi kula kwa mkono wako; Douglas alilishwa na shangazi yake, Beldina. Usipooshwa, hujawa mwanamume.

Unga ulikuwa umeshatoka. Wale sita walikuwa laini tena. Ngariba akawashika mmoja mmoja, akawasugua, akawausia. Kwa Douglas alisimama mbali, akamwaga maji kwa kikombe kama anayemwagilia mche wa kahawa.

"Tumemaliza," akasema.

Douglas hakurudisha mikono. "Bado, mzee. Wenzangu umewashika."

"Maji ni maji, kijana."

"Kama ni maji tu, ningebaki Masese. Ziwa lote lipo pale."

Watu wakatazama chini. Shangazi Beldina akasema, "Mshike, bwana. Mimi nimemlisha siku tatu. Nimeota magamba?"

Ngariba akageuka huku na huku, akaokota kavera, mfuko wa plastiki uliokuja na mkate, akauvaa mkononi. Ndivyo alivyomshika.

"Sasa wewe ni mwanamume," akasema, plastiki ikichakacha.

Hakuna aliyecheka, hata mimi ninayecheka matangani.

Kidonda kilipopona Douglas alirudi Masese. Nikamuuliza, "Sasa tukuite mzee?"

"Niite unavyotaka. Nilioshwa."

"Na ile kavera?"

"Nayo ilioshwa."

Jioni hiyo alipika posho, ugali wetu wa mahindi, na dagaa wa mukene. Kijiko akakiweka kando, akala kwa mkono, mlango wazi, aonekane. Watu walipita na ndoo zao. Nilikuwa mlangoni kwangu, hatua kama sita. Nikainua kidole.

Yeye akaninyooshea mkono wote, akauacha hewani kitambo. Kisha akaurudisha kwenye sahani.