Uso Chini ya Guashi

Mimi ni mchoraji hapa Mwanga, jirani na Ujiji, na mdomo wangu una kipaji kuushinda mkono. Juzi juzi nilimchora Hamisi na mchumba wake, Mwajuma, kwa rangi ya maji, ile nyepesi inayonyonywa na karatasi. Uchumba ukavunjika, akapata mwingine. Nichore upya ya nini? Uso wa kwanza nikaufunika kwa guashi, rangi nzito isiyoonyesha cha chini, nikachora wa pili juu yake, nikamvika na shela.

"Guashi inatunza siri," nilimtambia Hamisi.

Siku ya harusi, Ujiji, shangazi yake akazinyunyizia zawadi zote marashi, na picha pia. Guashi ikilowa huyeyuka. Shangazi akaifuta kwa kanga.

Bibi harusi akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani fundi, mbona Mwajuma wa Buzebazeba amevaa shela langu?"