Sikio Mbavuni

Watu wa siku hizi wakisikia bwana mifugo wanafikiria sindano. Mume wangu kazi yake ilikuwa sikio. Kipimajoto alikuwa nacho, kamba na mfuko wa turubai pia, lakini ng'ombe akikohoa alimkumbatia, akabandika sikio la kulia mbavuni nyuma ya bega, akafumba macho. "Pumua," alimwambia ng'ombe, utadhani ng'ombe angekataa. Miaka ile ya hamsini homa ya mapafu ya ng'ombe ilitutisha sana, na wazee wa Nyamwaga, tulikopangiwa kazi, walisema huyu mtoto wa Busawe anasikia ugonjwa kabla haujafika.

Hata mimi nikikohoa kwa moshi wa jikoni, alinijia kwa nyuma akaniwekea sikio mgongoni. "Pumua." Nilimfukuza na mwiko, nikamwambia ananuka zizi. Mungu anisamehe, nilikuwa nadeka tu.

Kwetu ni Nyanungu. Ng'ombe alionitolea mahari walikuwa huko kwa baba, na kila baada ya muda alienda kuwakagua kama alivyokagua wa watu wengine. Safari moja tulienda wote. Akasikiliza zizi zima isipokuwa ng'ombe mmoja mwekundu, ambaye mama alikuwa anamkamua kando ya mlango wa nyumba yake. Sasa, kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani, na kwao Busawe ni vilevile. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Kumsogelea mama pale ni aibu, na kumwambia aache kukamua ainuke ni aibu kubwa zaidi. Mume wangu alisimama mbali, akatazama chini, akangoja. Mama naye, kwa heshima hiyohiyo, hakugeuka. Akaendelea kukamua polepole, akingoja mkwe wake aondoke. Mimi nilikuwa palepale napiga soga na shangazi. Ningeweza kumshika yule ng'ombe kamba nikampelekea. Sikufanya hivyo. Mwisho akaandika kwamba wote ni wazima, tukaondoka.

Yule mwekundu ndiye aliyekuwa mgonjwa. Mvua zilipoanza, zizi lote lilikuwa linakohoa. Ikaja amri wauawe wote, wasije wakaambukiza wa majirani, na aliyepaswa kusimama pale hadi kazi iishe ni mume wangu. Baba alisimama na fimbo yake mpaka wa mwisho alipoanguka. Hakumlaumu mtu. Afadhali angemtukana mkwe wake.

Tangu siku hiyo mume wangu aliacha maziwa. Akaacha kupiga mluzi. Kazini alienda, kazi ni kazi, lakini ng'ombe aliwapima kwa kipimajoto tu, mkono ameunyoosha, mwili uko mbali. Nilimuuliza unaumwa wapi, akasema siumwi. Maradhi ya namna hiyo hayakuwa na jina. Wengine walisema amerogwa, wengine cheo kimempanda kichwani. Mimi nilijua tu kwamba mtu aliyenioa ameondoka, ameniachia shati na baiskeli. Nilikuwa na hamu naye huku ameketi mbele yangu. Nilikohoa kwa moshi, nikangoja, hakuna aliyekuja.

Zaidi ya mwaka hakukanyaga Nyanungu. Kisha mama akatuma ujumbe: ndama anakohoa, bwana mifugo aje. Mjomba alikuwa amempa mama ng'ombe wa kuanzia upya, na huyo ndiye ndama wake wa kwanza.

"Wamwite mwingine," mume wangu akasema.

Nikapandwa na hasira. "Mwingine nani? Kama unataka na huyu afe kwa sababu ya aibu, basi kaa."

Neno lilipotoka nilijuta, lakini alikwenda kuitoa baiskeli.

Tulimkuta mama amesimama uani, amemshika ndama shingoni kwa mikono yote miwili. Mume wangu akaganda kulekule mbali, macho chini. Mama hakuondoka. Akaniambia mimi, kwa Kikurya, kwa sauti ambayo naye angeisikia: "Mwambie mume wako sitoki hapa. Aje asikilize."

Alikawia. Kisha akaja, akapiga magoti, akaweka sikio mbavuni mwa ndama, hatua moja tu kutoka miguu ya mama yangu. Mama aligeuza uso kuelekea ukuta wa nyumba, ila mikono haikumwachia ndama. Mume wangu alisikiliza muda mrefu kuliko ndama yeyote anavyohitaji. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia. Mama akaendelea kumshika ndama mpaka mkwe wake alipomaliza.

"Ni vumbi," akasema mwishowe. "Mapafu ni mazima."

Tuliporudi Nyamwaga nilikohoa makusudi, mara tatu, kama mjinga. Akaweka kikombe chini, akaja. "Pumua," akasema, na sikio lake lilikuwa la moto.

Sasa ametangulia, na kikohozi nilicho nacho ni cha kweli. Daktari wa zahanati ana kifaa chake cha kusikilizia, cha baridi kama jembe la asubuhi. Ananiambia, "Pumua, bibi." Napumua. Kisha narudi nyumbani, naketi jikoni, mgongo nimeuelekeza mlangoni.