Kifaranga cha Manjano

Juzi nilikuwa nikifua shati la skuli la mwanangu, lililoingia manjano ya mchuzi. Nilipotia sabuni, doa likageuka jekundu. "Mama! Kwa nini?" akauliza mwanangu aliyekuwa kando yangu.

Nikakumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu Mkunazini, mama akipaka ukuta chokaa kwa ajili ya Sikukuu, harufu mbichi ikitujaa puani. Siku zile nilikuwa sifungui mdomo skuli, mpaka mwalimu akalalamika. Mama akakoroga manjano ya jikoni kwa maji, akanionyesha ukuta uliokuwa bado majimaji. "Chora utakacho."

Nikachora kifaranga. Sijamaliza miguu, kikawa chekundu! Nikapiga ukelele: kifaranga changu kimeshakuwa jogoo!

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa nini, mama?"

"Ntajuaje mie? Kesho kamuulize mwalimu."

Kesho yake, kwa mara ya kwanza, nikanyoosha mkono darasani.

Sasa najua kuwa chokaa hugeuza manjano, na sabuni vilevile. Nadhani mama naye alijua. Mwanangu alikuwa bado ananitazama, shati linachuruzika.

"Ntajuaje mie?" nikamwambia. "Kesho kamuulize mwalimu."