Mpini Mweusi wa Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, enzi za Mwingereza, kwetu Ihanda bibi arusi alipewa na mama mkwe wake kisu kipya chenye mpini wa mti mweupe. Mpini huo ndio uliomsema. Ukigeuka polepole ukawa rangi ya asali, mkono wake mwema. Ukiwa mweusi kabla hajazaa, mkono una sumu, arudishwe kwao. Nani alianzisha neno hilo sijui. Kila niliyemuuliza alinifukuza jikoni. Na kanisani tulikwenda wote, mpini tuliuamini wote, wala hakuna aliyeona shida.

Baba mdogo akamwoa Tusekile, binti wa milima ya Ileje. Alikuwa mcheshi, mvivu kidogo, lakini nilimpenda kwa sababu alijibu maswali yangu. Sisi tulikula ugali wa ulezi. Yeye bila ndizi za kupika hashibi. Kila alipokwenda kuwasalimia wazazi alirudi na mkungu kichwani. Mvua hazijaisha, mpini wa kisu chake ukawa mweusi kama chungu.

Bibi, mama yake baba, aliutazama akatema mate. "Jumapili tukitoka kanisani, huyu arudi kwao."

Mimi swali likanikaa kooni. Mbona nikimsaidia kumenya ndizi vidole vyangu navyo vinakuwa vyeusi siku mbili, na mimi sijaolewa na mtu? Nikaiba kisu cha bibi, mpini wa mti uleule, umekwisha kuwa rangi ya asali. Nikajificha nyuma ya ghala, nikamenya. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, vilevile. Utomvu wa ndizi ulipangusika kama maji. Hapo nasema kweli, niliogopa. Jioni ile chakula cha mama mdogo sikukigusa.

Kisha nikanusa mpini. Ulinuka mafuta. Miaka yote ile ulikuwa unakunywa mafuta ya nyama na jasho la bibi, ukashiba. Nikausugua kwa majani ya msasa mpaka ukawa mweupe, nikamenya tena. Kesho yake, mweusi tii. Nikakirudisha jikoni mahali pake.

Jumapili ikafika. Tusekile amefunga mzigo, ameukalia. Bibi akaingia jikoni kukata nyama ya kumfungia ya njiani, maana kumfukuza mtu na njaa ni aibu. Akatoka na kisu mkononi.

"Nani kagusa kisu changu?"

"Mimi, bibi."

"Umekipaka nini, we mtoto?"

"Nimemenyea ndizi tu. Kama mama mdogo."

Shangazi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akasema, "Ee mama! Basi na mzigo wako tuufunge?"

"Funga mdomo wako kwanza."

Tusekile aliinamisha kichwa, mabega yakamtetemeka. Nikadhani analia, kumbe anacheka.

Bibi alinizaba makofi mawili, yakanitosha. Kisha akasema, bila kumtazama mkwe wake, "Weka mzigo ndani. Na hizo ndizi zako zitafutie kisu kingine."

Tusekile alikaa, akazaa watoto sita, na alipozeeka tuligombana sana, kwa hiyo msidhani niliokoa malaika. Wala hakuna aliyetamka hata siku moja kwamba lile neno la mpini lilikuwa uongo. Ila bibi arusi aliyefuata kwenye ukoo wetu alipewa kisu chenye mpini wa pembe ya ng'ombe, mweusi tangu kwa mhunzi.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimshinda bibi. Sasa nina wakamwana wangu, na najua mama mkwe akishasema neno mbele ya watu, kulimeza ni kama kumeza jiwe. Kwa mdomo, bibi hakulimeza. Lakini ile pembe, alikwenda kuichagua mwenyewe.