Injini Iliyonyamazishwa

Iko Jumapili moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, na watoto wananiuliza, nyanya, unacheka nini? Leo nitakuambia, mwanangu, lakini keti vizuri na uiweke hiyo simu kando. Mimi shule niliiona mpaka darasa la pili tu, kwa hivyo sitakupa maneno ya vitabu. Nitakupa nililoliona kwa macho na kulishika kwa vidole hivi.

Tulikuwa tunakaa Bahati, juu ya Nakuru mjini, na miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Watu wa bwana yangu walitoka upande wa Bungoma zamani, baba mkwe wangu, Mzee Makokha, akaandikwa kazi ya trekta kwenye shamba la mzungu. Mzungu alipouza akaenda zake, shamba likakatwakatwa, mzee akapata kipande chake akajenga. Mimi niliolewa hapo na kijana wake, Wekesa. Wakati wa haya ninayokuambia tulikuwa na mtoto mmoja, Nafula, kwa hivyo bomani wote waliniita Mama Nafula.

Wekesa alikuwa na pikapu ya dizeli, nzee, imepita mikono mingi. Alibebea watu kabichi na viazi mpaka soko la Nakuru. Nguvu ilikuwa nayo, lakini kelele! Juu ya injini kulikuwa na mlio: tak-tak-tak-tak, kuanzia nyumbani mpaka mjini. Wamama wa sokoni wakiisikia inaingia, mmoja anapaza sauti: "Cherehani imefika! Fundi, kuja unishonee rinda!" Soko lote linaangua kicheko, na Wekesa anakunja uso kama mtu aliyeuma ndimu.

Ujue bwana yangu alikuwa mtu mzuri. Hakuniinulia mkono hata siku moja. Lakini alikuwa na ugonjwa wa kupenda kimya. Mtoto akilia: "Nyamazisha huyo." Nikisema paa linavuja: "Mama Nafula, punguza mdomo." Hata jogoo wetu alichinjwa kwa kosa la kuwika. Nami nikazoea, nikawa naongea na kuku waliobaki.

Basi mwezi huo wakulima wa kwetu walitafuta mtu wa kuwapelekea maziwa mjini kila asubuhi. Wakamwambia Wekesa ajaribu, aanze Jumatatu. Walimwambia wazi: maziwa hayana subira, ukituharibia siku ya kwanza, kuna mtu wa trekta anangoja hapo kando. Kwetu huo haukuwa mchezo. Kabichi ina msimu, lakini ng'ombe hukamuliwa kila siku, na nyumba yenye kazi ya kila siku hailali njaa. Niliomba Mungu kwa hiyo kazi mpaka magoti yakauma.

Wekesa naye aliwaza kitu kimoja tu: wakulima wasije wakamcheka. Jumamosi akafungua boneti, akatoa kifuniko cha juu cha injini, akashika spana.

Hapa ngoja nikueleze, usije ukapotea. Ndani ya injini mna milango midogo, mafundi wanaiita valvu. Inafunguka kuingiza hewa, inafunguka tena kutoa moshi. Kila mlango una chuma cha kuusukuma, na kati ya chuma na mlango huachwa nafasi nyembamba, unene wa karatasi tu. Kuipima hiyo nafasi ndiko wanakoita kupima tapeti. Nafasi ikizidi, vyuma vinagongana kwa kelele. Wekesa alijua hilo, na hakujua lingine. Akakaza kila skrubu ya kuipunguza, mpaka nafasi ikaisha kabisa.

Alipowasha, mwanangu, ile pikapu ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Hakuna tak hata moja. Wekesa akaimba. Mimi pia nilifurahi, sitakudanganya. Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumapili baada ya ibada akawapakia watu wa kanisa, wazee kwa vijana, awarudishe nyumbani waone maendeleo. Kwenye tambarare mambo yalikuwa mazuri. Tulipoanza kupanda mlima, injini imeshapata moto, ikaanza kukohoa. Nguvu ikapungua, ikapungua, moshi mweupe ukatoka nyuma kama watu wanachoma nyasi mbichi, halafu ikazima. Kuwasha, wapi! Watu wa Mungu wakashuka na nguo zao za Jumapili, wakasukuma. Mama mkwe wangu alikuwa akisukuma na viatu vyake ameviweka kichwani. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Cherehani imekufa, na sanda yake haijashonwa." Nilicheka na huku machozi yananitoka, maana kesho yake ndiyo ilikuwa Jumatatu.

Tulipofika nyumbani Wekesa akasema dizeli ina maji. Baadaye akasema ni jicho la jirani. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamtazama tu. Mama mkwe akachoka.

"Mficha uchi hazai, Wekesa. Muulize baba yako."

"Trekta si pikapu, mama."

"Na punda si farasi," mzee akasema kutoka pale kigodani, "lakini wote wanakula nyasi. Hiyo gari mpaka juzi ilikuwa inaongea. Nani ameinyamazisha?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanacheka, baba."

"Na leo kule mlimani walikuwa wanalia?"

Wekesa akainama. Mzee akamwambia asiguse kitu mpaka injini ipoe kabisa, kwa sababu chuma chenye moto hakisemi ukweli. Tukangoja. Nilipika, tukala, tukangoja tena, mpaka jua likaanza kuegemea upande wa mlima wa Menengai.

Sasa hapo ndipo kulikuwa na shida ya pili. Mzee alikuwa na vile vipimo vya zamani vya trekta, vipande vyembamba vya chuma vinavyokunjwa pamoja kama kisu cha mfukoni. Unaingiza kipande kwenye ile nafasi ili ujue kama inatosha. Lakini macho ya mzee yalikuwa yamefifia na mkono wake ulitetemeka. Wekesa alikuwa na vidole kama ndizi, na yeye ndiye angesukuma gari kidogo kidogo ikiwa kwenye gia kubwa, ili injini izunguke pole pole na milango ijifunge mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe akanitazama. "Mama Nafula anashona," akasema. "Vidole vyake vinaona."

Kijana wa leo hutaelewa ugumu wake. Kwa desturi yetu, mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani. Humpi mkono. Hukai kiti alichokalia. Ukimwona njiani unapisha kwenye nyasi, na ukiwa na neno la kumwambia unalipitishia kwa mama mkwe. Sasa leo niiname naye kwenye boneti moja, vichwa vikaribiane kama mbuzi wanaogombana?

Mama mkwe akaleta leso kubwa, akasimama katikati yetu na kuitandaza kama pazia. Mzee akasimama upande wake, uso ameugeuzia migomba. Kazi ikaanza.

"Mwambie Mama Nafula atazame ile springi ya mlango wa kwanza. Ikipanda juu kabisa, mlango umefungwa."

"Anasema utazame springi," mama mkwe akaniambia.

"Nimesikia, mama."

"Hujasikia mpaka niseme mimi!"

Wekesa akasukuma kwa bega, springi ikapanda. Nikalegeza nati, nikarudisha skrubu kidogo, nikaingiza kile chuma cha kupimia.

"Mwambie chuma kisipite bure, na kisinase. Kipite kwa shida kidogo."

"Anasema kipate shida."

"Shida kiasi gani, mama?"

Mama mkwe akafikiri. Injini hakuijua, lakini alizaa watoto wengi. "Kama unavuta leso chini ya mtoto aliyelala," akasema. "Itoke, na mtoto asiamke."

Mwanangu, hapo nilielewa mara moja. Nilivuta kile chuma, nikakihisi kinashikwa na kuachiliwa. Nikakaza nati. Tukaenda kwa mlango wa pili, na wa tatu, Wekesa anahema kama fahali huko nyuma, mama anapitisha maneno, mengine anayapindua. Kwenye mmoja nilikaza nati bila kuishikilia skrubu kwa bisibisi, ikazunguka nayo. Mzee akasikia kwa masikio tu, akasahau kila kitu: "Si hivyo, binti! Shika skrubu!"

Tukaganda wote. Leso ikashuka. Tangu niolewe hakuwahi kunisemesha moja kwa moja.

Mama mkwe akatutazama huku na huku, akasema, "Basi nimefutwa kazi."

Wekesa akaketi chini kwa kicheko. Mzee alicheka mpaka akashika mudguard, kile chuma cha juu ya gurudumu. Nami nilicheka ndani ya leso, maana adabu ni adabu.

Tuliporudisha kifuniko, Wekesa akawasha. Ikakataa, ikakataa, halafu ikashika, na ule mlio ukarudi, lakini sasa mwepesi, tik-tik-tik, kama mvua ndogo kwenye mabati. Wekesa akasonya kidogo. "Bado inaongea," akasema.

Ndipo baba yake akamkaripia, na maneno hayo nimeyabeba mpaka uzeeni.

"Wewe Wekesa, chuma kikipata moto kinavimba. Kama hukukiachia nafasi kikiwa baridi, kikivimba kitausukuma mlango usifunge, na moto utautafuna mlango mpaka uungue. Leo Mungu amekuhurumia tu, milango haijaungua. Hiyo kelele ndogo ndiyo inayokuambia nafasi iko. Siku usiposikia kitu, ogopa." Halafu akageukia migomba tena, akaongeza polepole, "Unaona mimi na Mama Nafula tunavyopishana njiani? Unafikiri namchukia? Hiyo ni nafasi. Tunaishi boma moja, na kuna siku za moto. Na huyu bibi yako, kila akifungua mdomo unamkaza. Akinyamaza kabisa, utaendesha nini?"

Wekesa akafunga boneti, akaokota spana zake. Lakini usiku huo nilipomwambia paa linavuja, aliniuliza, "Upande gani?" Nilishangaa mpaka nikasahau upande.

Jumatatu maziwa yalifika mjini hata umande haujakauka kwenye mikebe. Na kazi hiyo tuliifanya miaka, mpaka Nafula akaolewa.

Sasa nisikilize, wewe unayeanza nyumba yako, maana mimi sipendi kurudia. Mtu unayeishi naye, usimkaze mpaka mwisho ati ndio mapenzi. Mwachie nafasi. Usiachie kubwa, nyumba ikawa makelele ya kuchekesha soko. Na usiifunge, mkaungua ndani bila jirani kujua. Vikombe vya kabati moja havikosi kugongana, na kugongana si kuvunjika. Mke akilalamika, shukuru, bado ana imani kwamba utasikia. Mume akinung'unika, muulize ni nini. Mtoto akibisha kidogo, usimvunje mdomo, mrekebishe. Anayetaka kimya kabisa, makaburi yako mengi, aende akakae huko.

Na jambo la pili. Mkigombana, ngojeni mpoe kabla ya kushika spana. Wengi wanarekebisha ndoa ikiwa na moto, wakishika hapa wanachomeka, wakikaza pale wanaharibu. Kuleni kwanza. Jua lishuke kidogo. Halafu mfungue kifuniko, mmoja asukume, mwingine ahisi kwa kidole, na kama yuko mzee karibu, usione aibu kumwita, hata kama yeye alijua trekta tu.

Haya, nimemaliza, nina maharagwe motoni. Nenda kwa amani, mwanangu. Mungu akujalie mkono mwepesi na sikio lililo wazi, na nyumba yako isikose watu wa kukujibu unapoita.