Meli ya Babu Niliyoizamisha Darasani

Usinibishie! Meli ile ilikuwa na sitaha ya mbao, na babu yangu alimenya viazi chini ya mbao hizo huku ndege zikitua juu ya kichwa chake. Unasema mzee alichanganya mambo? Aliyeyachanganya ni mimi, tena kusudi, nikiwa na miaka kumi, katika darasa moja la Malvern, mtaa wa ughaibuni tulikohamia, lililonuka makoti yaliyolowa theluji na maganda ya machungwa.

Ilikuwa Novemba, wiki ya kuvaa ua jekundu kifuani kuwakumbuka wanajeshi. Mwalimu alitaka tulete mtu wa nyumbani aliyeviona vita. Babu alinyoa ndevu, akavaa suti aliyokuja nayo kutoka Mombasa. Mkalimani mimi, maana kwetu watoto tulisemeshwa Kiswahili tukajibu Kiingereza, basi nikaonekana bingwa. Babu akaeleza kwamba meli ilizaliwa ya mizigo, Vita vya Pili vya Dunia vikaigeuza uwanja mfupi wa ndege. Ikalinda misafara Atlantiki, kisha ikaja kwetu, bandari ya Kilindini, naye akapanda kama msaidizi wa jikoni. Wakaenda hadi kisiwa cha Ceylon, ndege zikiruka kila alfajiri kutafuta nyambizi zilizowinda meli za askari wetu.

"Waambie viazi, mke wangu," akanihimiza. Ndivyo alivyoniita, utani wa babu na mjukuu. "Rubani mwenye njaa haoni kitu!"

Trevor, kule nyuma, akauliza kwa sauti kama huyu mzee alikuwa rubani au mtumishi. Darasa likacheka. Damu ikanipanda. Mimi hasira zangu ni za ngumi, lakini siku ile sikumpiga Trevor. Nilimpiga Babu. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema aliiona ikipita tu. Yeye alikuwa nchi kavu."

Babu akanitazama. Mtu aliyeamrishwa na Waingereza jikoni miezi yote ile, neno gani lingempita? Akaketi, mikono magotini. Kwenye basi la kurudi alisema, "Ni kweli, mjukuu wangu. Ilipita." Hakuniita mke wangu tena mpaka tunamzika.

Sikufundishwa na mtu. Nimejisomea mwenyewe historia ya meli ile, maktaba hadi mtandaoni. Ilizaliwa ya mizigo, ikafika Kilindini, ikafika Ceylon. Vita vilipokwisha ikarudishwa kubeba mizigo, mwishowe ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Yote aliyosema yamo. Viazi ndivyo havimo, wala jina lake. Mtu pekee aliyepewa nafasi ya kuviingiza alikuwa mimi, mbele ya watoto ishirini na kitu. Mkataa kwao mtumwa. Siku hizi namtetea harusini, matangani, hata pasipo mtu aliyeuliza, sauti juu kama mwendawazimu, na yeye hasikii. Haya, wewe unayenibishia: wa kwenu ulimkana lini?